Anayetia Saini ni Bwana Harusi

Port Said, 9 Septemba 1996

Kwako Shangazi yangu Bahija,

Nakusalimu nikiwa kwenye roshani yetu ya mbao, Hazim yuko mapajani anatafuna kona ya karatasi hii. Ukiona imelowa ujue ni mate ya mjukuu wako, usidhani nalia. Meno mawili ya chini yametoka. Analalamika siku nzima, lakini mgeni akibisha hodi tu anageuka sultani, ananyoosha mkono abusiwe. Refaat ni mzima, bado yuko karakana ya boti upande wa pili, anarudi na kivuko akinuka rangi. Mama mkwe wangu, Hajjat Atiyat, naye anakusalimu. Kusema kweli alisema "msalimie yule mwanamke," na unajua mwenyewe kwa nini. Miaka minne imepita na bado hajakusamehe siku ya harusi yangu.

Goti lako je? Bado unapanda ngazi za watu na furushi la mashuka kichwani? Muache bibi harusi aje kwako achague, Shangazi, umefika umri wa kufuatwa.

Sasa nina jambo. Unakijua kile kipindi cha redio cha alasiri, kinachosoma hadithi za wasikilizaji? Nilituma moja. Sikumwambia mtu, hata Refaat. Nikawa namenya vitunguu, nikasikia jina langu, Rawya Mansur wa Port Said, kisha sauti ya mwanamke, tamu, inasoma maneno yangu. Nilisimama na kisu mkononi mpaka mwisho. Mimi, niliyeishia shule ya kati!

Basi juzi akaja mtu kutoka Cairo. Anaitwa Ustadh Shukri Labib, amevaa suti rangi ya karanga, kiatu kinang'aa mpaka Hazim alitaka kukilamba. Ni wakala wa waandishi. Kazi yake ni kuchukua hadithi na kuzipeleka kwa watu wa tamthilia, redio na televisheni. Anasema za Ramadhani hii zimeshauzwa, sasa anakusanya waandishi wa Ramadhani ijayo. Anataka nitie saini kwake kwa miaka kumi. "Dada Rawya," ananiambia, "wanawake wa Misri nzima watafuturu huku wakikulilia wewe." Shangazi, nilicheka kama mjinga. Nimebaki nacheka mpaka leo.

Nataka kusaini. Lakini nataka kwanza uniambie wewe, kwa sababu umekaa kwenye mapatano mengi ya watu kuliko mtu yeyote ninayemjua. Hadithi yenyewe ni ya mwanamke tu, mambo ya nyumbani, si kitu.

Hazim anakubusu goti.
Binti yako,
Rawya


Mahalla, 27 Septemba 1996

Mama Hazim,

Barua yako imefika. Mtoto asuguliwe ufizi kwa kidole kilichochovywa maji ya anisi, na umnyang'anye karatasi. Mama mkwe wako arudishiwe salamu zake. Goti langu halikuhusu.

"Mambo ya nyumbani, si kitu." Nyumbani kwa nani?

Nilikwenda kwenye tanuri kuchukua mkate. Foleni imejaa wanawake. Zinat mke wa kinyozi akapaza sauti, "Bahija, lile begi ulilitupa au bado unalo?" Wote wakacheka. Mimi sikuelewa, nikacheka nao. Nilicheka nao, Rawya! Mpaka Zinat aliponieleza kilichosomwa redioni.

Basi umewaambia watu wote kwamba kuna mwanamke wa Mahalla ambaye baba yake aliona haya kudai orodha ya vyombo vya bibi harusi. Kwamba wakwe walikuja na peremende wakasema, "Sisi ni watu wa heshima, tuandikishane kama wafanyabiashara?" naye baba akaona aibu, akasema hapana, hapana, neno lenu latosha. Kwamba kila kitanda, kila sufuria ya shaba, kila godoro alilonunua huyo mwanamke kwa kazi ya mikono yake kiwandani hakikuandikwa popote, mume hakutia saini kuwa ni amana ya mkewe. Kwamba baada ya miaka saba alitolewa mlangoni na begi moja, na mke wa pili akalala juu ya godoro lake. Jina hukutaja. Ulihitaji kutaja? Mahalla kuna wangapi?

Niliyokusimulia nilikusimulia ukiwa na homa ya surua, ukiwa huwezi kulala, ukiniomba hadithi. Sikukusimulia ili ukapeleke sokoni.

Kuhusu huyo wakala, jibu ni hapana. Usiniulize tena.

Bahija


Port Said, 6 Oktoba 1996

Kwa Shangazi Bahija,

Salamu. Sote wazima. Hazim anatambaa kinyumenyume, anajigonga kwenye kabati halafu analitazama kabati kana kwamba ndilo lililomfuata.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kila mara nakasirika mahali papya.

Nilikutukana wapi? Nilimwandika mwanamke aliyetoka na begi moja, akalea mtoto wa kaka yake asiye na mama, akauza mashuka nyumba kwa nyumba mpaka akamwoza mtoto huyo kwa heshima. Yule msomaji wa redioni sauti ilimkatika aliposoma. Watu walilia, Shangazi! Wewe umemsikia Zinat tu. Watu wote wale walikulilia, wewe sikio umelipeleka kwa mke wa kinyozi.

Na aibu ni ya nani? Ya Fathallah, aliyekuwa mumeo. Ndiye aliyefukuza mtu. Lakini Fathallah anakaa mkahawani anavuta shisha yake, hakuna anayemuuliza habari za godoro. Wewe ndiye unayejificha. Miaka yote hiyo unapita njia ya nyuma ya kiwanda ili usipite mbele ya mlango wake, unadhani sikuona? Nilikuwa nimekushika mkono.

Tena unanijibu "hapana, usiniulize tena," kama vile ulivyonijibu nilipotaka kuendelea na shule. Nilikuwa na alama nzuri. Mwalimu Suheir alikuja nyumbani mwenyewe kukuomba. Ukamnywesha chai, ukamwambia hapana, na kesho yake nikabeba furushi. Hukuniambia sababu mpaka leo. Na siku ya kuandika orodha yangu ulinifedhehesha mbele ya wakwe. Mambo yalikwisha, Fatiha imebaki kidogo isomwe, wewe ukasimama: "Chujio la chai halijaandikwa." Chujio la chai! Hajjat Atiyat alisema, "Mwanangu atamwibia mkewe chujio?" Ukamjibu, "Sijui, ndiyo kwanza namfahamu." Nilitaka kufa ndani ya ile nguo nyeupe.

Nimelelewa na mtu ambaye kila mlango anaona mwizi nyuma yake. Ustadh Shukri ni mtu wa kwanza aliyeniangalia akaona mwandishi. Refaat anasema nisaini, ananijivunia karakanani mpaka wamemchoka. Nakuambia kama taarifa, sikuombi ruhusa.

Rawya


Port Said, 24 Novemba 1996

Kwa Shangazi Bahija,

Amani kwako. Najua barua yangu ilikufika kwa sababu mwana wa jirani yako Umm Galal alinipigia simu duka la jirani akasema amekuona, uko mzima, hukumtaja mtu. Haya.

Nakuandikia kwa kuwa Hazim anaumwa. Homa inapanda jioni, kikohozi kama cha mzee. Daktari ametoa dawa ya maji, anaitema yote. Nimemnyonyesha analia, nimembeba analia. Anaponitazama kwa yale macho mazito namwona marehemu baba yangu, na mimi sina mwingine wa kumwambia hivyo isipokuwa wewe.

Ustadh Shukri alikuja tena, na mkataba. Ni kurasa nyingi, lakini alitaka nitie saini ule wa mwisho tu, alikuwa ameukunjua tayari mezani na kalamu juu yake. Nikasema nisome kwanza. Akasema, "Hii ni lugha ya wanasheria, dada, itakuumiza kichwa bure." Nikasoma. Nasoma polepole, unajua, kidole chini ya neno. Imeandikwa kwamba kila nilichokwisha kuandika na nitakachoandika ni cha ofisi yake. Na ofisi ndiyo itakayochagua jina la kutangazwa.

Nikamuuliza, "Jina langu litakuwa wapi?"

"Mwanzoni jina ni kitu kidogo. Kuna mwandishi mkubwa, watu wanamjua, kazi inatoka kwa jina lake. Nyinyi mnaandika chini yake. Baada ya miaka michache, Mungu akipenda, na wewe."

"Na tukitofautiana je? Nikitaka hadithi zangu nizichukue?"

Akaweka mkono kifuani. Akatabasamu. Akasema, "Dada Rawya, sisi ni watu wa heshima. Tuandikishane kama wafanyabiashara?"

Shangazi! Maneno hayo nimeyaandika mimi. Niliyatia kinywani mwa baba mkwe wako, yule wa peremende, na yakasomwa redioni. Huyu mtu ameisifu hadithi yangu mara ngapi, anasema ameisoma akalia, na hajui kwamba amesimama sebuleni kwangu anaisema!

Sikusaini. Nilimwambia mume wangu hayupo. Ustadh atarudi katikati ya Desemba, anasema baada ya hapo nafasi itakwenda kwa binti mwingine wa Tanta.

Bado nina hasira nawe. Lakini mtoto anaumwa.

Rawya


Mahalla, 3 Desemba 1996

Mama Hazim,

Bizari nyembamba, kijiko kimoja, ichemshwe mpaka maji yawe rangi ya chai. Chuja vizuri. Mpe kidogokidogo kwa kidole, usitumie kijiko, kijiko anakijua sasa kuwa ni adui. Kifua kipakwe mafuta ya zeituni ya uvuguvugu na kifunikwe kwa sufu, ile fulana ya kijivu niliyokufungia. Usimfunike kichwa. Dawa ya daktari mpe hata akitema, kinachobaki kinabaki. Homa isiposhuka mrudishe kwa daktari, usimsikilize mama mkwe wako akisema ni jicho la husuda. Nipigie duka la Abu Samir, nitasimama pale kila siku baada ya adhuhuri.

Bado nimekasirika. Nimekasirika sana. Habari za shule sitaki kuzisikia.

Huyo mtu wa suti ya karanga umempa karatasi zako zozote aondoke nazo? Usimpe hata moja. Hata ya kufungia jibini.

Bahija


Port Said, 19 Desemba 1996

Kwa Shangazi yangu,

Nilikusikia kwenye simu ukisema tu "anakula?" nami nikasema anakula, ukakata. Basi nakuongezea: anakula, anacheka, na jana amesimama kwa kushika pazia akaliangusha lote. Bizari yako ilifanya kazi. Hajjat Atiyat anasema ni dua yake. Nimewagawia nusu kwa nusu.

Sasa sikiliza kilichotokea, na usinikatize.

Ustadh Shukri alikuja Jumanne. Refaat alikuwepo, amenyoa, amevaa shati la Idi. Hajjat alikaa kwenye kochi lake na tasbihi, amenuna, maana tangu mwanzo anasema watu wa tamthilia ni wahuni na mwanamke wa nyumbani hana jambo nao. Nikatoa chai. Ustadh akatandaza mkataba wake, kalamu juu.

Nikasema, "Kabla ya huo, na mimi nina karatasi yangu." Nikaitoa. Niliiandika kwa mwandiko wangu mzuri, ule wa Mwalimu Suheir. Nimeandika hadithi zangu zote, moja chini ya nyingine, kama vile vyombo vya bibi harusi vinavyoandikwa. "Fundi wa saa asiyejua saa." "Binti aliyejificha kwenye kabati." "Mjane na kanari." Mbele ya kila moja nimeandika: imetungwa na Rawya Mansur, na itatangazwa kwa jina hilo. Na chini kabisa: Mimi Shukri Labib nimepokea vilivyotajwa hapo juu kwa amana, navyo ni mali ya mwenyewe, nitavirudisha atakapovidai.

Akasoma. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Hii ni nini, dada? Orodha ya ndoa? Nimekuja kukuposa?"

Refaat akatazama zulia. Nami nilitaka kulia, kweli, lakini nilisema, "Kwetu anayebeba vitu vya mtu ndiye anayetia saini. Mimi nilidhani hata Cairo ni hivyo."

"Kwenu! Cairo waandishi wanasimama foleni mlangoni kwangu wakiniomba nisaini kitu chochote. Wewe unaniletea chujio na sufuria."

Shangazi, wallahi alisema chujio. Hajjat Atiyat akaacha kuvuta tasbihi.

"Unacheka nini wewe?"

"Hapana, Hajjat, ni utani tu..."

"Mwanangu huyu unayemwona alitia saini chujio. Mbele ya shehe na majirani. Nilikasirika mpaka leo nimekasirika, lakini alitia saini, na mkono haukukatika. Wewe mkono wako umetengenezwa kwa halua?"

Refaat akacheka bila kutaka. Ustadh akawa mwekundu. Akaanza kusema taratibu, kama unavyosema na mtu mgonjwa. Kwamba sawa, kwa kunionea huruma, labda anaweza kuandika kitu kidogo kuhusu jina. Akapitisha kidole kwenye karatasi yangu, juu mpaka chini, kisha juu tena.

"Ile ya begi haimo."

"Haimo."

"Ndiyo niliyoijia. Hizi nyingine ni nzuri, ni za kuanzia. Lakini ile ya begi nimeshaizungumza na watu. Vipindi thelathini, kila futari kipindi."

"Haimo kwa sababu si yangu. Mwenyewe yu hai, na hakutoa ruhusa. Nilikosea kuituma redioni bila kumuuliza, sitakosea tena."

"Ni hadithi, dada! Hadithi haina mwenyewe."

"Mbona mkataba wako unasema wewe ndiye mwenyewe?"

Akafunga mkoba. Alisema bila ile hatuna la kuzungumza, alisema binti wa Tanta ana shukrani zaidi, alisema nitabaki kumenya vitunguu. Mlangoni akageuka kumpa Hazim peremende. Nikaichukua mkononi mwa mtoto nikamrudishia. Hazim alipiga kelele mpaka ngazi zote zikasikia.

Basi ndiyo hivyo. Refaat hasemi nami. Jana alisema, "Ulimwambia hapana kwa ajili ya mtu asiyekuandikia hata neno 'mwanangu mpendwa'." Nimemkasirikia Refaat, nimemkasirikia yule mtu, nimejikasirikia mimi. Na wewe nimekukasirikia zaidi, kwa sababu alipocheka orodha yangu nilijua ulivyojisikia siku ile umesimama peke yako mbele ya ukoo mzima ukidai chujio, na mimi, uliyekuwa unanidaia, nimekuinamishia kichwa. Ungeniambia! Ungesema, "Rawya, ni kwa sababu hii." Ungesema neno moja tu!

Hazim amelala. Ana harufu ya zeituni bado.

Rawya


Mahalla, 28 Desemba 1996

Rawya,

Nimepokea. Nimesoma. Nimekwenda kwenye tanuri, nimerudi, nimesoma tena.

Kwanza mwambie mumeo kwamba mimi sijui kuandika mpendwa. Mwambie aangalie mashuka aliyolalia, kila upindo nilishona kwa mkono.

Pili mwambie Hajjat Atiyat kwamba habari ya mkono wa halua imenifikia. Ninamwekea foronya mbili zenye darizi. Asinishukuru, zina kasoro kidogo.

Tatu. Jana niliazima redio yenye kaseti kwa Zinat. Ndiyo, Zinat, alikuwa amekirekodi kile kipindi, ameniambia ameusikiliza mkanda mpaka umelegea. Nikasikiliza hadithi yako mara ya kwanza kwa masikio yangu. Sijapata kukasirika hivyo.

Begi si la kahawia. Umetoa wapi kahawia? Ni kijani, lina kifungo cha shaba, na liko chini ya kitanda changu mpaka dakika hii, limejaa vitambaa vya mtaji wangu.

Fathallah hakuwa mrefu. Umemfanya mrefu. Alikuwa ananifikia hapa, kwenye sikio, na alikuwa anavaa viatu vya kisigino kwenye picha.

Na mimi sikulia. Umeandika kwamba mwanamke alikaa kituo cha treni akalia mpaka treni ikaja. Nani alikuambia nililia? Nilikuwa na njaa. Walinitoa kabla ya chakula cha mchana. Nilinunua mkate na bajia za maharage na pilipili ya siki, nikakaa juu ya begi nikala yote, nikajilamba vidole, na mwanamume mmoja akaniambia, "Afya njema," nikamwambia, "Ya kwangu, siyo ya kwako." Hivyo ndivyo nilivyotoka nyumbani kwa Fathallah. Ukitaka kuniweka mbele ya watu wanaofuturu, uniweke ninakula.

Rekebisha.

Ukisharekebisha, iandike kwenye orodha yako, mstari wa mwisho, na mbele yake uandike: mali ya Bahija Mansur, ameazimwa mpwa wake Rawya, naye huyo bwana asiiguse bila sisi wawili kuwepo.

Na sikiliza, msichana. Mtu aliyefunga mkoba kwa hasira atarudi. Nimeuza mashuka miaka mingi, ninajua mgongo wa mnunuzi anayeondoka na wa yule anayekwenda kuzunguka mtaa. Kama ameshaizungumza hadithi na watu wake, basi ameuza asichonacho, na sasa yeye ndiye mwenye usingizi mbaya. Akirudi, usimkaribishe kwako. Mwambie aje Mahalla. Orodha hutiwa saini nyumbani kwa watu wa bibi harusi. Nitaalika shehe wa mtaa na Zinat, maana Zinat ana mdomo. Kama hataki kutia saini, tutamnywesha chai aende zake, na wewe utaandika bila yeye, kama ulivyoandika bila yeye mpaka sasa.

Kalamu yake asilete.

Bahija


Port Said, 6 Januari 1997

Kwa Shangazi yangu Bahija, aliyekula,

Sisi wazima. Hazim ametembea, hatua chache, kutoka kwenye kochi la Hajjat mpaka kwenye goti la baba yake, na baba yake amelazimika kuongea nami kwa kuwa hakuna mwingine wa kumshangaza. Foronya zimefika. Hajjat amezigeuza kila upande akitafuta kasoro, hakuiona, amekasirika.

Simu ya maandishi ilikuja juzi kutoka Cairo. Ustadh Shukri anauliza kama "mwenyewe" ameshapatikana na kama anaweza kuzungumza naye. Anatumia neno "tafadhali," na kila neno la simu hiyo linalipiwa. Nimemjibu kwa maneno machache, nimempa anwani yako na siku, Alhamisi, kabla Ramadhani haijaingia. Tunakuja na treni ya asubuhi, sote wanne. Hajjat anasema anakuja kwa ajili ya mtoto tu.

Sijui kama atatia saini. Nikifumba macho namwona akisoma, akipitisha kidole juu mpaka chini, na wewe umesimama. Safari hii nitasimama kando yako, kichwa juu. Akikataa nitaumia, sitakudanganya, nataka sana kusikia jina langu kabla ya mzinga unaolia kutangaza futari. Lakini nitarudi Port Said na karatasi zangu zote mkononi.

Na bado nina hasira nawe kuhusu shule. Usidhani nimesahau kwa sababu ya foronya. Ustadh akishaondoka, tutafunga mlango, utaketi, nitaketi, na utaniambia. Nimemwandikia Mwalimu Suheir naye aje.

Mahali pa kituo cha treni nimeshaparekebisha. Nakuandikia hapa usikie kabla ya mtu yeyote:

"Mwanamke akaliweka begi chini, begi la kijani lenye kifungo cha shaba, akalikalia. Akafungua mkate. Treni ilipopiga honi watu wote waliinuka wakakimbia, ila yeye. Alikuwa bado hajamaliza kula."

Mwanao,
Rawya Mansur